Kabla ya kisu: wagonjwa wakaidi waliobadili historia ya goti

Kuna swali ambalo nimeulizwa mara nyingi mpaka nimeamua kulijibu kwa maandishi, tena kwa kirefu: "Sasa kama utapasuliwa goti, mazoezi ya nini? Si unasubiri tu siku ifike?" Nimeulizwa na mama yangu, nimeulizwa na wenzangu ofisini, nimeulizwa hadi na kijana wa bodaboda anayenibeba asubuhi. Kwa faida ya wale ambao hatujaonana siku nyingi, mwezi wa pili niliumia goti la kulia kwenye bonanza la waandishi wa habari. Hakuna aliyenigusa. Niligeuka na mpira, kitu kikalia ndani ya goti, nikaenda chini. Ligamenti imechanika.

Hayo yanatosha kuhusu mimi kwa sasa. Ninachotaka kuandika leo ni historia, maana nilipoanza kusoma (mtu mwenye magongo ana muda mwingi wa kusoma, ndugu zangu) niligundua kwamba swali la mama yangu liliwasumbua madaktari wenyewe kwa miaka mingi sana. Na jibu lilipokuja halikutoka kwa maprofesa peke yao. Kwa sehemu kubwa lilitoka kwa wagonjwa ambao hawakusikia walichoambiwa.

Kwanza tuelewane tunazungumzia kitu gani. Ndani ya goti kuna kamba mbili nene zinazopishana kama herufi X, ndiyo maana zinaitwa ligamenti za msalaba. Ile ya mbele inauzuia mfupa wa muundi usichomoke kwenda mbele, na inalizuia goti lisijizungushe hovyo. Ukitembea barabara iliyonyooka unaweza hata usijue kwamba haipo. Kasheshe ni pale unapokata kona, unaporuka na kutua, unaposimama ghafla. Goti linakukimbia, kama mtu aliyevuta kiti wakati unakaa. Na ikishachanika kabisa, kwa kawaida haijiungi vizuri yenyewe kama mfupa unavyojiunga.

Wapenzi wa soka mnaijua kupitia majina ya walioumia. Paul Gascoigne, fainali ya Kombe la FA mwezi Mei 1991: alimvamia Gary Charles wa Nottingham Forest, akaumia yeye mwenyewe, na msimu wote uliofuata akautazama kutoka pembeni. Ruud van Nistelrooy, Aprili 2000: Manchester United walikuwa wameshasita kumsajili kwa sababu ya mashaka na goti lake, na siku chache baadaye goti hilo hilo likachanika akiwa mazoezini PSV. Wakamsubiri mwaka mzima. Yupo pia Roberto Baggio, huyo nitamrudia maana kisa chake ni kirefu.

Sasa turudi nyuma. Daktari anayetajwa sana kuwa wa kwanza kuzishona ligamenti hizi ni Mayo Robson wa Leeds, Uingereza, mwaka 1895. Mgonjwa wake alikuwa mchimbaji wa makaa ya mawe mwenye miaka 41, ligamenti zote mbili za msalaba zimechanika. Robson akafungua goti, akazishona kwa uzi uliotengenezwa kwa utumbo wa mnyama, akalifunga. Alipoandika habari zake mwaka 1903, yule bwana alikuwa anatembea bila kuchechemea. Mwaka 1917 Ernest Hey Groves wa Bristol akaenda mbele zaidi. Yeye aliona kushona nyuzi zilizochakaa hakutoshi, akachukua ukanda wa utando mgumu wa pembeni mwa paja, akaupitisha kwenye matundu aliyotoboa katika mifupa, ukawa ligamenti mpya. Wazo hilo ndilo linalotumika mpaka leo: unakatiwa kipande cha mwili wako mwenyewe, mara nyingi kutoka kwenye kano iliyo chini ya pia ya goti au kano za misuli ya nyuma ya paja, unatengenezewa kamba mpya.

Angalia kitu kimoja hapo. Kuanzia Robson, madaktari wa upasuaji walibishana kuhusu kamba. Ikatwe wapi, itoboe wapi, ifungwe na nini. Paja, yaani ile misuli ambayo kazi yake ni kulisimamisha goti, lilikuwa jambo la baadaye. Mgonjwa alifika, alipasuliwa, alifungwa, halafu ndipo watu wakakumbuka kwamba ana misuli.

Aliyelazimisha misuli iheshimiwe alikuwa daktari kijana wa jeshi, tena mpenda vyuma. Mwaka 1944 hospitali ya jeshi ya Gardiner mjini Chicago ilikuwa imefurika majeruhi wa vita, wengi wao wana matatizo ya viungo, na vitanda havitoshi. Utaratibu wa siku zile ulikuwa mazoezi mepesi yanayorudiwa mara nyingi, kwa hofu kwamba uzito utaharibu kiungo. Thomas DeLorme hakukubaliana nao. Yeye mwenyewe alipokuwa kijana aliugua homa ya baridi yabisi, akalala muda mrefu, na alijijenga upya kwa kunyanyua vyuma. Akawafunga askari kiatu cha chuma mguuni, akakitundikia uzito, akawaambia: nyoosha goti. Uzito mkubwa, marudio machache, na kila mguu ukizoea unaongezwa. Matokeo yalimfurahisha kiasi kwamba mwaka 1945 aliyachapisha katika jarida la madaktari wa mifupa la Marekani. Mwaka 1948 yeye na mwenzake Arthur Watkins wakatoa kanuni fupi: seti tatu za marudio kumi kumi, ya kwanza kwa nusu ya uzito unaoumudu mara kumi, ya pili kwa robo tatu, ya tatu kwa uzito wote. Vijana wote wanaopiga vyuma Mwananyamala na Manzese huku wakihesabu "seti tatu, kumi kumi" ni wanafunzi wa DeLorme, ingawa wengi hawajawahi kulisikia jina lake.

Hata hivyo DeLorme alikuwa akirekebisha miguu iliyokwisha kuharibika. Wazo la kumtengeneza mtu KABLA ya msukosuko lilikuwa linachemka upande wa pili wa bahari. Mwaka 1946 jarida la British Medical Journal liliandika jinsi Jeshi la Uingereza lilivyowapokea vijana waliokuwa chini ya kiwango cha afya, likawapa chakula kizuri, mazoezi na masomo kwanza, ndipo wakaingia kwenye mafunzo kamili. Kiswahili chetu cha wizara kina neno zuri kwa kumrudisha mgonjwa katika hali yake: utengamao. Basi hicho walichofanya Waingereza ni utengamao wa kabla. Ajabu ni kwamba wazo hilo lilikaa miaka mingi bila kuingia vizuri katika vyumba vya magoti.

Kwa nini paja linyauke hata kama goti ndilo lililoumia? Mimi nilidhani ni kwa sababu ya kulala tu. Kumbe kuna jambo la ajabu zaidi. Mwaka 1965 watafiti de Andrade, Grant na Dixon walionyesha kwamba ukilijaza goti maji, hata goti lisilo na maumivu, misuli ya mbele ya paja inapunguza kazi. Mwaka 1984 wengine wakapima na kukuta kwamba mililita 20 hadi 30 tu zinatosha kuizimisha ile misuli ya upande wa ndani juu ya goti. Hiyo ni kama vijiko vinne hadi sita vya chai! Mishipa ya fahamu ndani ya goti inatuma habari kwenye uti wa mgongo kwamba kiungo kimejaa, na uti wa mgongo unazima swichi. Hapo unaweza kuwa shujaa kiasi gani, unaliamuru paja likaze na halikazi. Wiki ya kwanza baada ya kuumia niliukodolea macho mguu wangu mwenyewe kama mguu wa mtu mwingine. Nilikuwa naukazia nia yote niliyonayo, na misuli juu ya goti imetulia tuli.

Kwa hiyo mtu anayepelekwa kupasuliwa goti likiwa bado limevimba anapelekwa na paja ambalo tayari limezimwa. Halafu anakatwa, goti linavimba tena, linazimwa mara ya pili. Halafu anafungwa hogo.

Ndiyo, hogo. Miaka ya 1970 na kuendelea hadi miaka ya 1980, utaratibu wa kawaida baada ya kutengenezewa ligamenti ulikuwa kufungwa plasta gumu kwa wiki sita au zaidi, goti likiwa limekunjwa kidogo, ili kamba mpya isivutwe. Ukitazama kwa akili ya fundi inaleta maana: umegundisha kitu, usikiguse mpaka gundi ikauke. Tatizo goti halikutengenezwa na fundi seremala. Hogo lilipofunguliwa, paja lilikuwa limebaki kama mkono, goti limekakamaa, na mgonjwa alitumia miezi mingi akipigana na mguu usionyooka wala kukunjika.

Sasa ndipo anapoingia Baggio. Mei 1985 alikuwa na miaka 18, anachezea Vicenza, ameshauzwa Fiorentina, Italia nzima inamwangalia. Goti la kulia likachanika vibaya. Akapelekwa Saint-Étienne, Ufaransa, na mwenyewe amesimulia kwamba alishonwa nyuzi 220 na kwamba alikonda kupita kiasi. Ilipita zaidi ya mwaka kabla hajacheza ligi kuu, na goti likamsumbua tena. Miaka 17 baadaye, mwishoni mwa Januari 2002, akiwa Brescia na umri wa karibu miaka 35, akaumia ligamenti ya goti la kushoto. Mwezi Aprili mwaka huo huo alikuwa uwanjani, tena akafunga magoli dhidi ya Fiorentina! Alikuwa anaikimbilia Kombe la Dunia la Korea na Japani (Trapattoni hakumchukua, na mimi bado sijamsamehe). Sisemi kila mtu afanye haraka vile, siku hizi wataalamu wengi wanataka mchezaji asubiri walau miezi tisa. Ninachosema ni kwamba kati ya 1985 na 2002 kuna kitu kikubwa kilibadilika katika namna ya kulitendea goti. Kitu hicho kilitokea Indianapolis.

Donald Shelbourne alikuwa daktari wa mifupa katika jimbo la Indiana, Marekani, akipasua magoti mengi na kuweka kumbukumbu za kila mgonjwa. Kama wenzake, aliwapa wagonjwa masharti: usinyooshe mguu kabisa, usiukanyagie, tumia magongo, vaa kifaa cha kushikilia goti. Walipokuwa wakirudi kupimwa, ikaonekana jambo lisilopendeza. Baadhi yao walikuwa wamevunja masharti. Wametupa magongo mapema, wamevua kifaa, wametembea, wamenyoosha mguu mpaka mwisho. Daktari wa kawaida angewagombeza na kuwafukuza. Shelbourne akalinganisha. Wakaidi walikuwa na magoti yanayokunjuka vizuri zaidi, wamerudi kwenye shughuli zao mapema, na ligamenti zao mpya hazikuwa zimelegea. Watiifu ndio waliokuwa wamekakamaa. Mwaka 1990 yeye na mwenzake Nitz wakachapisha utaratibu mpya wa kuharakisha mazoezi, na walieleza waziwazi kwamba umetokana na kuwaangalia wagonjwa wasiofuata maagizo. Nimesoma habari nyingi za uvumbuzi wa kitabibu lakini hii naipenda kuliko zote.

Mwaka uliofuata, 1991, Shelbourne na wenzake wakatoa utafiti mwingine, na huu ndio unaotuhusu sana sisi tunaosubiri. Walichukua magoti 169 wakayagawa kwa siku za upasuaji: yaliyopasuliwa ndani ya wiki moja tangu kuumia, yaliyopasuliwa kati ya siku ya 8 na ya 21, na yaliyopasuliwa baada ya siku 21. Kundi la mwisho, waliochelewa, ndilo lililopata tatizo dogo zaidi la goti kukakamaa kwa makovu ya ndani. Hapo kabla iliaminika kwamba mwanamichezo apelekwe chumba cha upasuaji mbio, ikiwezekana siku hiyo hiyo. Kumbe goti lililoumia jana lina moto ndani yake, na kisu ni jeraha la pili juu ya jeraha.

Baadaye Shelbourne alisisitiza kwamba kinachohesabika si tarehe bali hali ya goti. Uvimbe umeisha? Linanyooka sawa na la pili? Linakunjika? Mgonjwa anatembea kama mtu mzima wa afya? Yuko tayari kichwani? Basi apasuliwe. Lakini habari ikisafiri inapukutika njiani. Wengi walishika neno "subiri" wakaliacha neno "fanya kazi", na hapo ndipo mimi nina ugomvi.

Nilipopimwa, hospitali moja hapa mjini (sitaitaja) ilinipa karatasi yenye tarehe ya miezi minne mbele, vidonge vya maumivu, na maneno mawili: pumzika nyumbani. Nyumbani nako kila mtu ni daktari. Jirani alikuja na mafuta ya kuchua akataka kulikanda goti lililovimba kama boga, mjomba akashauri nisilikanyagie kabisa mpaka siku ya upasuaji. Nilikuwa na bahati ya kuelekezwa kwa mama mmoja mtaalamu wa tiba ya viungo. Nilipomwamkia na kumwambia nimekuja kwa sababu nasubiri upasuaji, aliitikia marahaba akaniangalia juu ya miwani.

"Unasubiri na unafanya nini, mwanangu?"

"Nasubiri tu, mama."

"Basi huna ligamenti, na ukiendelea hivyo hutakuwa na paja pia. Panda kitandani."

Akachukua futi ya kupimia nguo akapima mapaja yangu. La kulia lilikuwa limepungua sentimita nne. Wiki tano tu zilikuwa zimepita.

Hayo aliyoyafanya yule mama yana ushahidi, na sehemu kubwa ya ushahidi huo umetoka Oslo, Norway. Mwaka 2009 Ingrid Eitzen, Inger Holm na May Arna Risberg walichapisha matokeo ya wagonjwa waliofuatiliwa miaka miwili baada ya upasuaji. Nguvu ya misuli ya mbele ya paja kabla ya kupasuliwa ilitabiri goti litakavyofanya kazi miaka miwili baadaye. Waliokwenda kwenye kisu huku mguu ulioumia umepungukiwa nguvu kwa zaidi ya asilimia 20 ukilinganisha na mzima walibaki nyuma. Rudia kuisoma hiyo, ndugu msomaji. Miaka miwili ya mazoezi baada ya upasuaji haikutosha kulifuta deni walilokwenda nalo. Mwaka 2010 timu hiyo ikaonyesha kwa wagonjwa 100 kwamba programu ya wiki tano inaweza kulipunguza deni hilo, na waliopata madhara kutokana na mazoezi yenyewe walikuwa wachache mno.

Programu zenyewe si za miujiza. Zinaanza na kuuondoa uvimbe: barafu, kuinua mguu, kuacha ushujaa. Halafu kulinyoosha goti mpaka mwisho, kisigino juu ya taulo lililokunjwa, goti likining'inia na kushuka taratibu. Kukaza paja mara mamia kwa siku mpaka swichi iwake. Baiskeli ya kusimama. Kisha ndipo DeLorme anaporudi: uzito, wa kweli, unaoongezwa. Kuchuchumaa, kupanda na kushuka kigoda kwa mguu mmoja, kusimama juu ya kitu kinachoyumba, na mwishoni kuruka na kutua kwa uangalifu huku mtaalamu akitazama goti lisiingie ndani. Kwangu mimi kigoda ni kreti la soda lililogeuzwa na uzito ni ndoo ya mchanga. Yule mama anasema goti halijui bei ya kifaa.

Je, inasaidia baada ya upasuaji? Dublin, mwaka 2013, watu 20 waligawanywa kwa kura, wengine wakafanya mazoezi wiki sita kabla ya kupasuliwa, wengine wakaendelea na maisha yao. Waliofanya mazoezi waliruka kwa mguu mmoja vizuri zaidi na goti lao lilikuwa na alama bora wiki 12 baada ya upasuaji. Watu 20 ni wachache, nakubali. Mwaka 2016 wakalinganishwa wagonjwa wa Oslo na Delaware, waliopewa mazoezi ya ziada kabla ya kisu, na kundi kubwa la Marekani lililofuata utaratibu wa kawaida. Miaka miwili baadaye asilimia 72 ya wale wa kwanza walikuwa wamerudi kwenye michezo yao, dhidi ya asilimia 63. Hapa pia lazima niweke chumvi kidogo: hawakugawanywa kwa kura, ni watu wa mahali tofauti, na inawezekana waliokubali mazoezi ya ziada walikuwa watu wenye bidii tangu awali. Lakini ukiunganisha na ya Shelbourne na ya mwaka 2009, njia zote zinaelekea upande mmoja.

Halafu likatokea jambo ambalo nadhani hakuna aliyelipanga. Ukimpa mtu mazoezi mazuri kabla ya upasuaji, wengine wanakuja kukuambia hawautaki tena! Richard Frobell na wenzake huko Lund, Sweden, walilijaribu hilo kwa makusudi. Vijana 121 wenye ligamenti iliyochanika, si wachezaji wa kulipwa, wakagawanywa: 62 walipasuliwa mapema na kufanya mazoezi, 59 wakaanza na mazoezi na kuambiwa mlango wa upasuaji uko wazi wakiuhitaji. Matokeo ya mwaka 2010: baada ya miaka miwili makundi mawili yalijisikia sawa, na kati ya wale 59 waliokwenda kupasuliwa walikuwa 23 tu. Baada ya miaka mitano walifika 30, yaani nusu bado walikuwa wanaishi bila kisu.

Utafiti huo ulizua ubishi mkubwa miongoni mwa madaktari wa upasuaji, na si ubishi wa bure. Mwaka 2022 jarida la The Lancet likachapisha utafiti wa Uingereza wenye wagonjwa 316. Hawa hawakuwa wameumia juzi. Walikuwa na majeraha ya siku nyingi na magoti yanayowakimbia. Safari hii waliopelekwa moja kwa moja kwenye upasuaji walikuwa na hali bora kuliko walioanzishiwa mazoezi, na asilimia 41 ya kundi la mazoezi waliishia kupasuliwa. Kwa hiyo mtu asichukue habari hii ya mazoezi akaifanya kisingizio cha kumwambia mgonjwa asubiri miaka miwili. Wiki tano au sita za kujenga paja ni kitu kimoja. Mwaka mzima wa goti linalokukimbia kila ukishuka kwenye daladala ni kitu kingine kabisa, maana kila likikukimbia linasaga vile vigegedu viwili vyenye umbo la mwezi mchanga vilivyo kati ya mifupa, na hivyo vikisagika hakuna mazoezi yanayovirudisha.

Sisi wa huku tunaishi katikati ya tafiti hizi mbili. Foleni ni ndefu, fedha zinachangishwa na ukoo (kwangu tayari kuna daftari la michango, na majina ya mashangazi yako juu), madaktari bingwa wa kazi hii wamejaa miji mikubwa, na mtu wa Kigoma au Sumbawanga lazima asafiri. Mtaani kwetu kuna kijana alisubiri mwaka mzima kitandani, akapasuliwa vizuri kabisa, kamba yake mpya ni imara, na leo hawezi kupanda ngazi bila kushika ukuta. Kisu hakikumkosea. Alikipelekea mguu uliokwisha kulala. Kinachoniudhi ni kwamba kitu alichohitaji ndicho cha bei nafuu kuliko vyote katika safari nzima: mtu wa kumwonyesha mazoezi mara moja kwa wiki, taulo, kigoda na ndoo ya mchanga. Karatasi yake nayo iliandikwa pumzika.

Kwa upande wangu, wiki hii ni ya nne ya mazoezi. Uvimbe umeisha, goti linanyooka sawa na la pili, tofauti ya paja imeshuka mpaka sentimita mbili. Ijumaa ijayo yule mama atanirusha kwa mguu mmoja na kulinganisha umbali wa kulia na wa kushoto. Nikifika asilimia 90 na goti lisinikimbie kati ya sasa na tarehe ya hospitali, amesema tutakaa chini na daktari tuulize kama kisu kinahitajika kweli kwa mtu anayeandika habari za mpira kuliko anavyoucheza. Likinikimbia hata mara mbili, napasuliwa, na mashangazi waendelee kuchanga.